Hongo, Nira na Hatamu: Tahakiki ya Msamiati wa Kiingereza wa Ushindi na Udhibiti katika Maandishi ya Njia ya Misafara ya Unyanyembe

1.0 Suala la Tahakiki

Mwanafunzi wa Tabora anayesoma leo habari za misafara ya karne ya 19 hukutana mapema na neno hongo. Akilitafuta katika kamusi ya sasa, atapata kwamba ni malipo ya siri anayopewa mtu mwenye madaraka ili apotoshe haki. Akirudi kwenye kitabu cha historia, atasoma kwamba watemi wa Ugogo na Unyamwezi walidai hongo kwa kila msafara uliopita. Hitimisho atakaloliunda bila kufundishwa na mtu ni kwamba babu zake walikuwa wala rushwa. Tahakiki hii inadai kuwa hitimisho hilo halikutokana na matukio ya njiani. Limetokana na namna msamiati wa Kiingereza wa ushindi, udhibiti na uzuiaji ulivyowekwa juu ya maneno ya njia ile, na namna Kiswahili chenyewe kilivyokubali baadaye kuyasoma maneno yake kwa jicho hilo.

Maandishi yanayohakikiwa ni ya aina tatu: vitabu vya wasafiri waliopitia Kazeh, Kwihara na Tabora, hususan Richard Burton (1860) na Henry Morton Stanley (1872), kamusi za Kiswahili na Kiingereza tangu Edward Steere, A. C. Madan hadi Frederick Johnson (1939). Na tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoiandika kwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ambayo Heinrich Brode aliichapisha kwa hati za Kilatini pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akaitolea tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Nadharia haikutangulizwa. Tumeanza na maneno yenyewe, kwa kuwa ndiyo yanayobishaniwa.

2.0 Hongo Kabla ya Kuwa Kosa

Msafara uliotoka Bagamoyo ulipofika Ugogo ulikuta nchi kavu ambamo maji yalikuwa ya visima, na kisima kilikuwa na mwenyewe. Watu mia kadhaa wenye mizigo mabegani hawakuweza kuvuka nchi hiyo bila kunywa, kununua nafaka na kukata kuni. Hapo ndipo hongo ilipotolewa. Kiongozi wa msafara alipeleka salamu kwa mtemi, kisha shuka na doti za merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba vikahesabiwa mbele ya wajumbe, vikakataliwa, vikaongezwa, vikakataliwa tena. Majadiliano hayo yaliweza kuchukua siku kadhaa. Mwisho wake msafara ulipewa ruhusa ya kuteka maji na kupita, na mtemi akawa na wajibu fulani juu ya usalama wa wageni wake.

Mambo mawili yanajitokeza katika maelezo hayo. La kwanza, hongo ilikuwa ya hadharani. Wapagazi wote waliijua, na kiwango chake kilisimuliwa kambini na kupelekwa kwa msafara uliofuata. La pili, iliambatana na mamlaka juu ya ardhi: asiyekuwa na nchi hakuwa na hongo ya kudai. Kwa vigezo vyote viwili ilikaribiana zaidi na ushuru wa forodha uliokusanywa kwa jina la Sultani wa Zanzibar katika bandari za pwani, ushuru ambao wasafiri wa Kizungu waliulipa bila kuutafutia jina la matusi.

Burton alilitafutia hongo neno la nyumbani kwake, akalipata katika mpaka wa Uingereza na Uskoti: "blackmail". Msomaji wa leo hulijua neno hilo kwa maana ya kumtisha mtu kwamba siri yake itafichuliwa, lakini maana yake ya kwanza ilikuwa nyingine. Katika karne ya 16 wakulima wa mpakani waliwalipa wakuu wa magenge ya wanyang'anyi ili mifugo yao isiibwe, na sehemu ya pili ya neno hilo ilimaanisha kodi au malipo ya pango. Kwa hiyo Burton hakutumia neno ovyo. Alichagua neno linalokiri kwamba kuna malipo ya kawaida yenye mpangilio, lakini linalomweka mpokeaji katika kundi la wanyang'anyi wasio na haki ya kisheria. Katika neno moja mtemi wa Ugogo amekwisha kuvuliwa utawala wake, miongo mitatu kabla ya Mjerumani wa kwanza kufika na bendera.

Neno la pili lililotumiwa na wasafiri, "tribute", lina tatizo la namna nyingine. Asili yake ni ya Kirumi, nalo humaanisha mali inayotolewa na mdogo kwa mkubwa, au na taifa lililoshindwa kwa taifa lililoshinda. Mwandishi anayesema amelipa "tribute" amekiri, apende asipende, kwamba yeye ndiye aliye chini. Pengine ndiyo maana maandishi ya Stanley hayatulii katika jambo hili. Mara malipo ni heshima kwa mfalme, mara ni uporaji, mara neno la Kiswahili linaachwa kama lilivyo ili lisibebe uzito wowote. Kuyumba huku kunafaa kusomwa kama ushahidi kuliko kuchukuliwa kuwa uzembe wa mwandishi. Kiingereza kilikuwa na maneno mengi ya kumweleza mtu anayeshinda au anayeshindwa, lakini kilikosa neno jepesi la kumweleza mgeni mwenye bunduki anayeomba njia.

Vita vya 1871 vinaonyesha uzito wa suala hili. Mirambo wa Urambo alipowazuia wafanyabiashara wa Tabora wasifike Ujiji, alikuwa akifanya kile ambacho mtemi mwenye barabara alikuwa na uwezo wa kukifanya: kudai malipo, na asiporidhika kufunga njia. Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu wa Unyanyembe kwenda kumpiga. Msafara huo wa vita ulivunjika, na mwezi Agosti Mirambo aliingia Tabora na kuchoma sehemu yake. Katika kitabu cha Stanley, Mirambo wa mwaka huo ni jambazi. Walipokutana mwaka 1876 na kuchanjiana udugu, anafananishwa na Napoleon. Hakuna neno la katikati. Mtu wa bara aliyeishika barabara kwa miaka zaidi ya kumi anaonekana ama kama mhalifu ama kama mshindi wa mataifa. Kwamba alikuwa mtemi aliyetoza ushuru ni jambo ambalo msamiati huo haukuwa na pa kuliweka.

Kilichofuata katika kamusi kinasikitisha zaidi, kwa sababu hakikufanywa kwa hasira. Watunga kamusi wa enzi ya Waingereza waliweka ushuru, malipo ya kulazimishwa na rushwa katika kitomeo kimoja cha honga na hongo. Walikuwa wakirekodi matumizi waliyoyasikia, na hatuna sababu ya kuwashuku. Lakini kufikia wakati huo barabara ilikuwa na mwenyewe mwingine. Amri ya Wajerumani ya 1897 ilikuwa imeanzisha kodi ya nyumba, na Waingereza nao wakaendelea na kodi zao. Malipo yaliyokwenda kwa dola mpya yaliitwa kodi na ushuru. Yale yaliyokwenda kwa mtu mwingine yeyote mwenye uwezo wa kuzuia jambo yalibaki na jina la hongo. Tofauti ya maneno haya mawili haikutokana na namna ya kutoza, maana kodi ya nyumba iliyokusanywa na askari haikuwa ya hiari kuliko shuka za Ugogo. Ilitokana na nani aliyebaki na nchi.

3.0 Shingo na Farasi

Kundi la pili la maneno ya Kiingereza linahitaji mnyama. "Curb", "rein", "bridle" na "harness" yote yalianzia kwenye mikanda na vyuma vya farasi kabla ya kuhamia katika siasa. Mwingereza anaposema kwamba serikali imeziwekea "curb" tamaa za machifu, lugha yake imempandisha mtu juu ya mgongo na kumtia mwingine chuma mdomoni. Picha hiyo haikuwa na mahali katika njia ya Tabora. Mbung'o waliua farasi. Wale wawili aliokuja nao Stanley walikufa safari ikiwa changa. Punda walitumika kwa kiasi, lakini kazi yote kubwa ilifanywa kwa mabega ya watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi waliokuja pwani kwa hiari na kwa ujira.

Kiswahili kina lijamu na hatamu, lakini yote mawili yalikuja kutoka Kiarabu, na hatamu katika asili yake ni kamba ya kumwongozea ngamia. Yaliingia kupitia pwani, kwenye mashairi na kwenye visa vya masultani. Inastahili kutajwa kando kidogo kwamba neno hatamu lilipata maisha mapya katika siasa ya Tanzania ya miaka ya 1970, Chama kiliposemwa kuwa kimeshika hatamu. Mwananchi aliyeyasikia maneno hayo katika mkutano wa hadhara Tabora hakujiuliza, nadhani, ni nani aliyekuwa ngamia.

Neno "subjugate" linatufikisha karibu zaidi na barabara. Kwa asili ya Kilatini ni kumweka mtu chini ya nira. Katika Kiingereza cha karne ya 19 nira hiyo ilikuwa imekwisha kufa kama picha. Mwandishi aliyetumia neno hilo hakuiona tena. Katika njia ya misafara ilikuwa hai. Kiswahili kiliiita kongwa: mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mateka, ncha yake ikibebwa na aliye mbele au nyuma yake. Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872 akingoja wapagazi kabla ya safari yake ya mwisho, alikieleza kifaa hicho kwa Kiingereza kuwa ni mti wa kufugia watumwa, akitumia kitenzi kile kile cha kumzoesha mnyama wa mwituni. Alikuwa adui mkubwa wa biashara hiyo, na maelezo yake yalisaidia kuipiga vita. Hata hivyo kitenzi alichokitumia ni cha mfugaji. Kongwa halikumfuga mtu. Lilimzuia kukimbia, na lilipofunguliwa alikimbia.

Hapo panastahili kutazamwa maneno mawili zaidi, "desertion" na toroka. Mpagazi aliyeacha mzigo na kurudi kwao aliitwa na Stanley kwa jina la askari aliyeasi jeshi, na adhabu zake zilikuwa za namna hiyo, pamoja na viboko na mnyororo. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwa kirefu kwamba Mnyamwezi wa njiani alikuwa mfanyakazi wa ujira mwenye desturi zake za kazi, na kwamba kuacha mzigo kulikuwa mara nyingi njia ya kugombania posho au mwendo. Kiingereza cha wasafiri kiliugeuza mgogoro wa kazi kuwa uhaini. Lakini Kiswahili hakina haki ya kujisifu hapa. Toroka na mtoro ni maneno ya mwenye watumwa. Yanachukulia kwamba anayeondoka hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Kwa neno hilo mpagazi huru alitiwa katika daraja moja na mtumwa aliyekimbia shamba la mikarafuu la Unguja.

4.0 Kiswahili Nacho Kina Maficho Yake

Wahakiki wengi wa maandishi ya kikoloni huishia kulaumu lugha ya mgeni na kuitakasa ya mwenyeji. Tawasifu ya Tippu Tip inazuia njia hiyo rahisi. Mwandishi wake alikuwa na uhusiano wa nyumbani na Tabora: baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Unyanyembe na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kiswahili chake ni cha mtu anayesimulia biashara na vita kwa pumzi moja. Kitenzi piga na mnyumbuliko wake pigana hubeba sehemu kubwa ya mapambano. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuamua kila mara kama watu wamevamiwa, wameshindwa au wamechapwa, na kila uamuzi humfanya Tippu Tip kuwa jenerali zaidi ya alivyojieleza. Whiteley, kwa sifa yake, aliweka Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, hivyo msomaji anaweza kuuona uamuzi huo na kuupinga.

Lakini unyoofu wa piga una gharama. Ni kitenzi kisichomwuliza mtendaji sababu. Neno teka nalo hutumika kwa maji ya kisimani na kwa watu wa kijiji, na msimulizi anaweza kupita kutoka moja hadi jingine bila sauti yake kubadilika. Zaidi ya hayo, neno mtumwa limeundwa kwa kitenzi tuma: ni mtu aliyetumwa tu. Kwa umbo lake halina tofauti na mtume au mjumbe ila katika kiambishi. Lugha iliyotembea na misafara kutoka pwani hadi Maniema ilimwita mtu aliyenunuliwa kana kwamba amepelekwa dukani atarudi jioni. Kiingereza kilificha kwa kutumia Kilatini, Kiswahili kikaficha kwa kutumia maneno ya nyumbani.

5.0 Tawala, Dhibiti, Tema

Neno "control" lilianza kama karatasi: daftari la pili lililowekwa ili kukagua la kwanza. Kiswahili kilipotafuta kisawe chake rasmi kilichukua dhibiti, kutoka mzizi wa Kiarabu unaobeba maana ya kukamata kwa nguvu na pia ya kuwa sahihi katika kumbukumbu. Matokeo yake Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, cheo ambacho kimeirudisha maana ya kwanza ya neno la Kiingereza pengine bila wafasiri kukusudia. Huu ni mfano mmoja ambapo tafsiri imefaulu kuliko asilia ilivyostahili.

Tawala ni gumu zaidi. Kiarabu chake ni kushika jambo la mtu, kuwa karibu nalo na kuwajibika kwalo. Liwali ni wa mzizi huo huo. Katika Kiswahili cha leo neno hilo limebeba mizigo miwili isiyofanana: kuongoza ofisi na kumtiisha mtu. Waingereza walipoanza kujenga utawala wao kupitia machifu chini ya Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, na shule ya serikali ya Tabora ilipofunguliwa kwa ajili ya wana wa machifu, utata huu uliwafaa sana. Mwana wa mtemi alifundishwa utawala, na hakuna aliyelazimika kusema ni upi kati ya hiyo miwili.

Kinyamwezi kilikuwa na picha nyingine. Ntemi, ambaye Kiswahili humwita mtemi, ni jina linalohusishwa na kutema, yaani kukata. Wengine husema kukata msitu ili watu wapate pa kukaa, wengine husema kukata shauri. Kwa maelezo yoyote kati ya hayo, anayetawala hafafanuliwi kwa aliyemweka chini. Anafafanuliwa kwa kazi aliyoifanya juu ya ardhi au juu ya ugomvi. Sisemi kwamba watemi wote walikuwa wapole. Rugaruga wa Mirambo walijulikana kwa kuchoma vijiji, na hakuna msamiati uliowafanya wasichome. Nasema kwamba neno lenyewe liliweka kipimo ambacho mtemi angeweza kupimwa nacho. "Conquer", ambalo kwa asili ni kutafuta na kujipatia, humpima mtu kwa alichopata peke yake.

Januari 1893 kikosi cha Wajerumani chini ya Tom von Prince kiliivunja ngome ya mtemi Isike huko Unyanyembe, baada ya mashambulizi ya 1892 kushindwa. Isike aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Katika maandishi ya Kijerumani, na baadaye ya Kiingereza, operesheni za namna hii ziliwekwa chini ya jina la kuleta amani. Neno "pacification" lina amani ndani yake. Baadhi ya vitabu vya Kiswahili vilivyotafsiriwa vimeandika kutuliza, neno linalofaa mtoto anayelia au maji yaliyochafuka. Mfasiri wa maandishi hayo alikuwa na vunja, piga, teka na angamiza mkononi. Yote yalikuwa sahihi zaidi, na yote yalikuwa maneno ya barabara ile ile. Hapo ndipo tunapomlaumu: alikuwa na msamiati wa kutosha, akaazima wa mshindi.

Makao ya Isike yaliitwa Kwikuru, na neno ikulu la Kinyamwezi na Kisukuma, lenye maana ya makao ya mtemi, ndilo jina la makao ya Rais wa Tanzania leo. Kwa upande wa pili, Jenerali Charles Tombeur, ambaye majeshi yake ya Kongo ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, alipewa baadaye cheo cha ukabaila chenye jina la mji huo. Neno moja lilitoka katika ngome iliyovunjwa likaenda Dar es Salaam, jina jingine likachukuliwa Ulaya kuwa pambo la aliyeingia.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina la Kiingereza lililowasilishwa linataja watumwa na pembe za ndovu. Visima vya Ugogo, vilivyokuwa sababu ya hongo, havimo katika jina hilo, wala wapagazi waliobeba pembe hizo kwa ujira. Kwihara imo kwa ajili ya tembe la Livingstone. Mgeni anayepelekwa hapo huelezwa habari za mtu aliyengoja wapagazi, na mwelezaji akitumia neno hongo, mgeni wa Kitanzania hutabasamu kwa sababu anadhani amelielewa.